Maji ya Bafu la Nyuma

Mkuu wa kituo alitaka jalada lifungwe kabla ya kesho asubuhi, na alilisema hilo akiwa mlangoni, kikombe mkononi, mguu mmoja tayari umeshatoka nje.

"Mtuhumiwa tunaye, nyumba imeungua, mtaa mzima ni mashahidi. Unangoja nini tena?"

Mpelelezi alikuwa amevua kiatu kimoja chini ya meza. Miguu ilikuwa imemvimba tangu juzi. Pale kituoni walimwita Mama Taratibu, na jina lilikuwa limemganda kiasi kwamba hata mumewe alilitumia siku akiwa na haraka.

"Nangoja kwenda kuiangalia hiyo nyumba, afande."

"Zimamoto wameshaiangalia."

"Zimamoto waliimwagia maji. Kuangalia ni kazi nyingine."

Mkuu aliguna, akaenda zake. Kesho mtuhumiwa angepandishwa kizimbani kwa kosa la kuchoma nyumba kwa makusudi, na kosa hilo halina cha onyo wala faini. Ni jela, tena jela ya kuotea mvi. Tatizo ni kwamba mtuhumiwa mwenyewe mvi alikuwa nazo tayari, na kikohozi juu. Mama Taratibu alikisikia kikohozi hicho kutoka mahabusu, akavaa kiatu chake akiuma meno.

Walimwita Jenerali kwa sababu ya koti. Lilikuwa koti la jeshi lililochakaa mpaka vishikizo vyake vimebaki nyuzi, na alilivaa jua likiwaka, mvua ikinyesha. Alikuwa akilala barazani pa ile nyumba tupu, na watu wa mtaa walishamzoea. Jana mchana moshi ulipotoka jikoni, jina la kwanza kutajwa lilikuwa lake. Jioni alirudi na mfuko wake begani kama kawaida, akakuta askari wamekaa pale anapolala wanamsubiri.

"Mzee," Mama Taratibu alianza, akivuta kiti, "mtu anachoma nyumba mchana, jioni anarudi kulala pale pale. Una akili au huna?"

Jenerali alicheka, kicheko kikageuka kikohozi. "Nyingine ninazo, afande. Nyingine nimezipoteza njiani."

"Jana mchana ulikuwa wapi?"

"Matembezini."

"Matembezi ya wapi?"

"Huku na huku. Mimi sina ofisi."

Akanyoosha mkono kuchukua kikombe cha maji. Mkono wa koti ulipanda, na pale kwenye kiwiko, upande wa ndani, Mama Taratibu akaona pamba imebanwa kwa plasta. Plasta safi, nyeupe, kwenye mwili ambao hakuna kingine kilichokuwa cheupe.

"Nani kakutoa damu?"

Jenerali aliushusha mkono wa koti haraka. "Mbu."

"Mbu anayebandika plasta! Huyo amesomea."

Mzee hakucheka. Alitazama ukutani, akawa kama hayupo. Mama Taratibu alimwuliza hospitali gani, akanyamaza. Alimwuliza nani aliyempeleka, akanyamaza zaidi.

"Jenerali, wewe ulikuwa umekaa foleni hospitali wakati nyumba inaungua. Sema hivyo, mimi nithibitishe, ukalale kwingine. Kwa nini unajifunga mwenyewe?"

"Huko jela," Jenerali alisema, "paa lipo, sivyo?"

"Lipo."

"Basi."

Lo! Mama Taratibu alikuwa amewahoji waongo wa kila aina, lakini mtu anayekataa kuokolewa humchosha kuliko wezi wote wa mji. Aliinuka, akamwambia askari wa zamu ampe mzee blanketi la pili, akatoka.

Nyumba yenyewe ilikuwa ya vyumba vitatu, ya zamani, imara bado kwa mbele, na kibao kimefungwa kwa waya kwenye geti: INAUZWA KAMA ILIVYO. Chini ya kibao walisimama wanaume wawili wanagombana kwa sauti ya chini, ile sauti ya watu wanaoogopa majirani.

Mmoja alikuwa dalali, mwenye tai iliyolegea na simu mbili. Mwingine ni mtoto wa mwisho wa familia yenye nyumba hiyo, mwanamume wa makamo aliyefika asubuhi kutoka mji wa mbali anakofanya kazi. Mtaani walimwita Bosi, maana tangu mama yao afariki yeye aliiongoza nyumba kwa simu: fanyeni hivi, msifanye vile. Mwenzake kwenye urithi alikuwa dada yake mkubwa, muuguzi wa hospitali ya hapo mjini. Walikuwa wawili tu.

Mama Taratibu alianza na dalali, kwa sababu baada ya Jenerali ndiye aliyetajwa zaidi kituoni.

"Mnunuzi ni wa kwako?"

"Wa kwangu. Ananunua nyumba zikiwa hivyo hivyo zilivyo. Hataki urekebishe, hataki upake rangi. Anakupa chako, unampa funguo, matatizo yote yanahamia kwake."

"Na nyumba ikiungua kidogo, anainunua kwa bei ya chini."

"Ndiyo, na cha kwangu kinashuka nayo!" Dalali alipandisha sauti, akaishusha. "Mama yangu, mimi nakula asilimia. Jiko likiungua, na mimi nimeungua. Jana mchana nilikuwa naye huyo huyo mnunuzi na mkewe, nawaonyesha nyumba nyingine upande wa sokoni. Mpigie."

Mama Taratibu alipiga pale pale. Mnunuzi alikubali kila neno, mkewe akasikika nyuma akiongeza kwamba nyumba yenyewe ya sokoni ilikuwa mbovu na dalali ana maneno mengi. Hapo dalali akatoka kwenye hesabu.

"Mnunuzi bado anaitaka hii?"

"Anaitaka. Ila alishachoka kungoja. Mapema wiki hii nilimwambia dada mtu, nikamwambia wazi: kama mdogo wako hakubali mpaka Ijumaa, jamaa anaondoka, na mwingine kama yeye sijui nitampata wapi."

"Na mdogo mtu hakuwa amekubali."

Wote wawili wakamtazama Bosi. Bosi alikohoa.

"Mimi nilitaka tuikarabati kwanza. Rangi, paa, jiko jipya, ndipo tuiuze kwa bei ya maana. Ni nyumba ya mama ile! Dada kila siku anataka tuiuze kama ilivyo. Nikamwambia vumilia kidogo."

"Kidogo hicho ni kama mwaka sasa," dalali alisema.

"Nani kakuuliza wewe?"

"Na sasa?" Mama Taratibu aliuliza.

Bosi aliitazama nyumba. Madirisha ya jikoni yalikuwa meusi, pazia limebaki kitambaa kimoja kinaning'inia. "Sasa iuzwe tu. Na masizi yake, na nyufa zake. Nimechoka."

Alisema nimechoka kwa moyo wote, mtu aliyefika asubuhi.

"Nani huwa anakuja hapa?"

"Hakuna. Umeme umekatwa, maji yamekatwa. Bima walikataa, wanasema nyumba isiyo na mtu hawaikatii. Dada ana funguo, lakini ameandikisha kwa askari wenu kwamba hajakanyaga hapa tangu mvua zilipokatika."

"Nifungulie."

Jikoni kulikuwa kumeungua vibaya, lakini kwa adabu. Mama Taratibu alisimama katikati, akazunguka polepole. Makabati yalikuwa makaa, dari limetoboka, sakafu imejaa maji meusi. Lakini mlango wa kwenda ndani ulikuwa umefungwa wakati moto unawaka. Upande wake wa jikoni ulikuwa mkaa mtupu, upande wa ukumbi rangi bado ilikuwepo. Moto ulikuwa umepewa chumba kimoja ukile, na ukala hicho hicho.

Kisha akatoka uani. Kivulini, mbali na ukuta, mtungi wa gesi ulikuwa umesimama wima, umefungwa sawasawa, na kifuniko chake juu.

"Huu nani kautoa? Zimamoto?"

"Zimamoto wanasema waliukuta hapo hapo," Bosi alijibu. "Mkuu wenu anasema Jenerali aliutoa ili auibe."

"Kisha akausahau, akarudi ndani kuchoma makabati."

Bosi alikuna kichwa. Mama Taratibu aliuzunguka mtungi. Mtu aliyetoa mtungi ule alikuwa anawaza majirani. Alitaka nyumba iungue, lakini mtu asiumie. Hilo lilimwondoa Jenerali kabisa akilini mwake, likamwachia mtu mwingine, mwenye ufunguo, mwenye huruma, na aliyefika mwisho wa subira.

Lakini huruma si ushahidi. Akarudi ndani, akapita ukumbini, akafungua chumba kimoja baada ya kingine. Vitanda vimefunikwa shuka. Vumbi. Mwisho kabisa wa ukumbi, bafu la nyuma. Akasukuma mlango, akasimama, akavuta pumzi kwa pua.

Akavuta tena.

"Vipi?" Bosi aliuliza.

"Njoo unuse."

Bosi alinusa. "Sisikii kitu."

"Hata mimi."

Hakumweleza zaidi kwa wakati ule, alikuwa amepiga magoti, na kupiga magoti kwake ilikuwa shughuli. Nyumbani kwake, chumba cha chini kilikaa bila mpangaji msimu mzima wa kiangazi, na harufu iliyopanda kutoka huko ilimfukuza mezani. Fundi aliwaeleza: chini ya kila tundu la maji bomba limepinda, na kwenye lile pindo maji hubaki, ndiyo yanayoizuia harufu ya mtaroni isipande. Nyumba ikikaa bila mtu, yale maji hukauka. Harufu inapanda, mende wanapanda nayo. Dawa yake ni mtu kwenda kumwaga maji kila mara, tundu kwa tundu. Hakuna njia nyingine.

Alimulika tochi ya simu kwenye tundu la sakafu. Maji yakameta. Tundu la sinki, maji. Choo, maji, tena mengi. Akafungua bomba, likatoa mluzi mkavu. Pembeni kulikuwa na ndoo imefudikizwa, na juu ya ukingo wa beseni tambara limetandazwa vizuri, kona kwa kona. Alilikamua. Lilikuwa bado na unyevu.

"Zimamoto waliingia huku?"

"Hawakufika. Walisema moto haukuvuka jikoni."

Kizingiti kilikuwa na masizi mepesi yaliyopenya chini ya mlango, na unyayo wa kwanza juu yake ulikuwa wa kwake yeye Mama Taratibu. Kwa hiyo maji yalimwagwa kabla ya moto. Na tambara, kwa joto lile, lisingebaki bichi tangu wiki iliyopita. Ni jana hiyo hiyo.

Alijiinua kwa kushika sinki. Maskini, alisema moyoni, na hakuwa anamwambia Jenerali.

Muuguzi alikuwa ndiyo kwanza ametoka zamu. Alimkuta kwenye chumba cha kubadilishia nguo, amekaa kwenye benchi, viatu pembeni, anajikanda nyayo. Alikuwa mwanamke mnene wa makamo, mwenye uso wa mtu ambaye watu humwita usiku na mchana na yeye huitika. Alipoona kitambulisho hakushtuka. Alisogea tu, akampa nafasi.

"Kaa, mama. Naona na wewe miguu inakuua."

Mama Taratibu alikaa. Wakabaki hivyo kidogo, wanawake wawili na miguu yao.

"Nimetoka kwenu," mpelelezi alisema. "Bafu la nyuma halinuki."

"Bafu?"

"Nyumba imefungwa tangu mvua zilipokatika, hakuna aliyekanyaga, bomba halina maji. Ilitakiwa niingie pale nimeziba pua. Badala yake nimekuta kila tundu limetiwa maji, ndoo imefudikizwa, tambara limeanikwa bado bichi. Mtu alikuja jana na dumu la maji. Akapita tundu kwa tundu, akapangusa, akaanika tambara. Kisha akatoa mtungi wa gesi uani ili majirani wasilipukiwe. Kisha akafunga mlango wa ukumbini, akawasha moto jikoni. Mimi nina miaka kazini, mdogo wangu, sijawahi kuona mtu anayefanya usafi wa nyumba kwanza ndipo anaichoma."

Muuguzi aliacha kujikanda. Akaanza kucheka, kicheko kidogo cha kuchoka, mpaka machozi yakamtoka.

"Nilitia maji?"

"Yote."

"Wallahi sikumbuki. Mtungi nakumbuka. Mlango nakumbuka. Maji..." Alifuta macho kwa kiganja. "Jana ilikuwa Jumatano. Kila Jumatano natia maji. Mikono ilikwenda yenyewe."

"Umeandikisha kwamba hukanyagi pale."

"Ningesemaje? Nakanyaga mimi tu! Nikitoka zamu nabeba dumu. Nafungua madirisha, nafagia, nakata majani mbele watu wasijue hamna mtu. Wezi waliingia wakang'oa waya, nikalia nikalipa fundi. Mtoto wa jirani alipanda ukuta wetu akavunjika mkono, mama yake hakumpigia Bosi, alinijia mimi, hapa hapa wodini, mbele ya wagonjwa. Yule mtoto angevunjika shingo, mama, ningemwambia nini mama yake? Nikimpigia mdogo wangu, tuiuze kama ilivyo, tupate kidogo tupumzike, ananiambia vumilia kidogo dada. Kidogo chake kiko kwenye simu. Changu kiko mgongoni."

"Na dalali akakwambia Ijumaa."

"Akaniambia Ijumaa." Alitikisa kichwa. "Nilitaka jiko tu. Nilijua akiona jiko limekwisha hatasema tena habari ya kukarabati. Yule anaogopa gharama kuliko anavyomwogopa Mungu."

"Amekubali. Asubuhi hii."

"Najua. Alinipigia." Hakuonyesha furaha yoyote. "Aliniambia, pole sana dada, najua ulivyoipenda ile nyumba."

Nje ya chumba mtu aliita sista, sista, na muuguzi alinyanyuka nusu kabla ya kukumbuka kwamba zamu yake imekwisha. Akakaa tena.

"Jenerali ulimleta hapa jana," Mama Taratibu alisema.

"Anakohoa vibaya. Nilikuwa nataka apimwe siku nyingi, hataki. Jana nikamlazimisha, nikamwambia akae foleni, asitoke mpaka aitwe. Nilitaka asiwepo pale." Alifuta macho tena. "Mimi ndiye niliyemruhusu alale barazani. Alikuwa ananilindia bure. Majibu yake nimeyaweka kwenye mfuko wa koti langu, nilikuwa nimpelekee dawa jioni, ndipo nikasikia mmemchukua."

"Na ukanyamaza."

"Nikasema mtamwachia. Ana ushahidi, si alikuwa hospitali? Atasema tu. Leo tangu asubuhi kila nikichoma sindano najiambia, sasa hivi watakuwa wamemwachia."

"Hakusema. Nimemwuliza, ameniambia ametolewa damu na mbu. Akitaja hospitali atakutaja wewe, naye hataki. Kesho anapandishwa mahakamani, mdogo wangu, na mkuu wangu hana habari na tambara la bafuni. Mimi nikimpelekea hadithi ya maji, atanicheka. Nikimpelekea wewe, hawezi kucheka."

Muuguzi aliinama. Alivaa kiatu kimoja, akakishika cha pili muda mrefu.

"Hakusema?" aliuliza tena.

"Hakusema."

Akavaa cha pili. "Twende. Ila tupitie pale dirisha la dawa nichukue za kwake."

Kituoni mkuu alisikiliza, akawa mwekundu, akawa kawaida, akauliza mara mbili kuhusu tambara. Maelezo yaliandikwa. Jua lilikuwa linazama Jenerali alipotolewa mahabusu, koti begani, na akamkuta Sista wake amesimama upande wa pili wa kaunta. Alielewa bila kuambiwa. Uso ulimkunjamana.

"Umekwenda kusema," alimlaumu. "Kwa nini umesema? Mimi ningekaa. Mle ndani paa lipo."

"Nilijua ungekaa, mzee," muuguzi alisema. "Ndiyo maana nimekuja." Akamwekea mfuko wa dawa mkononi. "Hizi kila baada ya kula. Hata ukijisikia nafuu usiziache. Umenisikia?"

Jenerali aliushika ule mfuko kwa mikono miwili, akauinamia. Mama Taratibu alijitia anatafuta kalamu.

Bosi alifika mbio, shati nje, simu sikioni, akaikata. Alimtazama dada yake, akamtazama mpelelezi, akatafuta mtu wa kumfokea asimpate. Muuguzi alivua fungu la funguo shingoni, kamba yake imeshageuka rangi kwa jasho, akamvisha yeye.

"Mnunuzi hataingia mpaka makaratasi yakamilike, na wewe unajua makaratasi yalivyo. Kwa hiyo ni wewe sasa. Kila Jumatano. Anza na bafu la nyuma, tundu la sakafuni, halafu sinki, halafu choo. Chooni ndoo nzima. Nusu haitoshi."

"Ndoo?" Bosi alisema. "Ndoo ya nini?"

Askari wa zamu alikuwa ameshamfungulia mlango wa mahabusu. Muuguzi aliingia bila kusukumwa, akakaa kwenye benchi alipokuwa amekaa Jenerali, akavua viatu, akavipanga chini, akajifunika lile blanketi la pili.

Mama Taratibu alimalizia kuandika ukurasa wa mwisho, akaubeba kwenda kuchukua sahihi ya muuguzi. Nyuma yake Bosi alikuwa bado ameshika funguo, anauliza kwa sauti ya mtu aliyepotea njia.

"Dada. Ndoo ya nini, dada?"

Dada yake alikuwa ameshalala usingizi mzito, mdomo wazi, na Mama Taratibu aliiweka karatasi pembeni, akavuta kiti, akavua kiatu, akamngoja aamke.